Kidude Chini ya Mtulinga: Maswali ya Wiki za Kwanza za Kemo

Siku ya tatu baada ya kuwekewa poti ya kupitishia kemo, yaani dawa za saratani, mama mdogo aliamka shingo imekakamaa. Akitaka kutazama kando anageuka mwili mzima, kama mtu aliyelala kwenye kiti cha basi la usiku. Chini ya mtulinga wa kulia palikuwa na kivimbe cha ukubwa wa kizibo cha soda, na ngozi inayokizunguka ilikuwa imevilia damu, zambarau katikati, manjano pembeni. "Hiki kidude kimehama," akaniambia. Hakikuwa kimehama. Ila hakuna aliyemweleza mapema kwamba siku ya tatu huwa hivyo, na yeye mwenyewe hakutaka kupiga simu wodini. Alisema asije akaonekana mgonjwa wa kulialia.

Maswali yaliyo hapa chini mengi ni yake. Mengine niliyaokota kwenye mabenchi ya kusubiria dripu, ambako watu huulizana kwa sauti ya chini yale wasiyomuuliza daktari. Kila mgonjwa ana dawa zake na ratiba yake, kwa hiyo pale daktari wako aliposema tofauti na haya, fuata lake.

Poti ni nini, na mbona wengine wanachomwa mkononi tu?

Ni kibweta kidogo cha plastiki au chuma cha titani, kina mfuniko wa mpira mnene. Hufukiwa chini ya ngozi ya kifua. Kutoka kwenye kibweta unatoka mrija mwembamba unaoingia mshipa mkubwa wa shingo au wa chini ya mtulinga, na ncha yake inaishia pale mshipa mkubwa unapoingiza damu moyoni. Watu wakisikia "moyoni" wanashtuka. Pamechaguliwa kwa sababu damu ya pale ni nyingi na inakwenda kasi. Dawa ikifika inachanganyika papo hapo, haipati nafasi ya kuunguza ukuta wa mshipa. Vifaa hivi vilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na havijabadilika sana tangu hapo.

Mishipa ya mkononi ni myembamba. Dawa kama doksorubisini, ile nyekundu, au vinkristini, ikivuja nje ya mshipa inaweza kuunguza nyama na kuacha kidonda kibaya. Hata isipovuja, mizunguko ikiwa mingi mishipa hukakamaa kama kamba, nesi akawa anatafuta pa kuchoma nusu saa nzima. Ndiyo maana ya poti. Lakini bei yake si ndogo, na wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hupewa kemo kwa kanula ya mkononi mwanzo hadi mwisho. Usijione umepewa tiba ya daraja la chini. Dawa ni zile zile, ila macho yako na ya nesi yanatakiwa yasitoke kwenye ule mkono.

Mwenye saratani ya titi kwa kawaida huwekewa poti upande wa pili, usio na ugonjwa.

Maumivu ya kidonda yataisha lini?

Siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya, ganzi ikishaisha. Panauma ukikohoa, ukiinua mkono, ukigeuza shingo. Shingo inauma kwa sababu mrija umepitishwa chini ya ngozi juu ya mtulinga kwenda kwenye mshipa, na njia ile imechubuka kwa ndani. Damu iliyovilia hupotea ndani ya wiki moja hadi mbili. Baada ya hapo kinachobaki kwa wengi ni kujua tu kwamba kuna kitu pale, hasa ukilala kifudifudi.

Parasetamoli mara nyingi inatosha. Ukishaanza kemo, pima joto la mwili kwanza ndipo umeze, na sababu yake nitaieleza mbele. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini usizinunue kwa uamuzi wako. Tumezizoea mno, mtu akiumwa mgongo tu keshatumwa mtoto dukani, lakini huleta uwezekano wa kutokwa damu wakati ambapo chembe sahani zako, zile zinazogandisha damu, zimeshuka, na baadhi ya dawa za kemo tayari zinazielemea figo.

Mkono usiufunge wala usiuache umelala siku nzima, bega litaganda. Chana nywele, vaa nguo, piga mswaki kama kawaida, taratibu. Kilichokatazwa kwa wiki moja au mbili ni mizigo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kuinyanyua hadi kichwani kunavuta pale pale kidonda kilipo. Jembe, mtwangio, kufua mablanketi na kuning'inia kwenye bomba la daladala vyote vingoje.

Nguo nayo ina shida zake. Kamba ya sidiria hupita juu kabisa ya poti; mama mdogo alikunja kipande cha khanga kuukuu akakipachika chini ya kamba, akatulia. Mkanda wa gari unawekewa kitambaa hivyo hivyo, wala usiache kuufunga. Siku ya kemo vaa kitu kinachofunguka mbele, blauzi au shati la vifungo, au dera lenye shingo pana, usije ukavuliwa nguo nzima mbele za watu ili nesi aifikie poti. Na ukiwa na mjukuu wa kubebwa, mbebe upande wa pili. Vichwa vya watoto ni vigumu kuliko vinavyoonekana.

Kuoga, usikiloweshe kidonda mpaka kifunge. Kikishapona, hata kuogelea unaruhusiwa, mradi sindano haipo.

Sasa yale yasiyo ya kawaida. Wekundu unaotanuka badala ya kupungua, ngozi ya moto, usaha, au uzi wa mshono kuachia. Mkono, shingo au uso kuvimba upande wa poti, au mishipa ya kifuani kujichora kama mizizi, kwa sababu huenda damu imeganda kuuzunguka mrija. Ngozi juu ya poti kuwa nyembamba kiasi cha kutaka kuonyesha chuma. Kupumua kwa shida au kichomi kikali siku ya kwanza au ya pili, kwa kuwa katika kuweka poti mara chache pafu huguswa. Lolote kati ya haya halisubiri kliniki ya wiki ijayo.

Ina maana nitachomwa kila mara? Inauma?

Utachomwa, lakini mara moja, mahali panapojulikana. Sindano yake ni ya namna yake: imepinda kama kona, na ncha imechongwa ipenye mpira bila kumega kipande. Ndiyo sababu mfuniko huvumilia kuchomwa mara elfu moja na zaidi.

Tazama nesi mzoefu anavyofanya. Anapapasa kingo za poti kwa vidole vitatu, anaishika isicheze, anakwambia vuta pumzi, na unapoitoa anasukuma sindano wima hadi inagota chini. Mgoto ule unausikia kifuani, kama mtu amegonga meza kwa kucha. Halafu anavuta bomba la sindano kidogo. Damu ikirudi nyekundu ndani ya mrija, njia iko wazi na ncha iko ndani ya mshipa. Hapo anasukuma maji ya chumvi, nawe unapata ladha ya ajabu mdomoni, kama ya dawa au ya chuma, ingawa hukula kitu. Pipi ya ndimu au ya tangawizi inaiondoa.

Mara ya kwanza na ya pili huuma zaidi kwa sababu kidonda bado kibichi. Kuna krimu ya ganzi yenye lidokeini. Hupakwa nene juu ya poti dakika 45 hadi 60 kabla, ikafunikwa na nailoni. Mahali isipopatikana, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi kwa dakika chache inasaidia, na nesi atapasafisha kwa dawa kabla ya kuchoma.

Kuna siku damu itagoma kurudi. Usiogope. Utaambiwa inua mkono, geuza kichwa, kohoa, lala kidogo ubavu. Mara nyingi ncha ya mrija imeegemea ukuta wa mshipa tu, au kuna utando mdogo wa damu iliyoganda, na ipo dawa ya kuuyeyusha. Kisichofaa ni dawa inayounguza kupitishwa kabla damu haijarudi. Unaruhusiwa kuuliza, "Sista, damu imerudi?" Sijawahi kumwona nesi mzuri akikasirikia swali hilo.

Dawa ikiingia nasikia moto. Nivumilie?

Hapana. Ita mtu sasa hivi, dripu ifungwe, pakaguliwe.

Kwetu mgonjwa anayenyamaza husifiwa. Tunasema ana moyo, ni mvumilivu, hana makuu. Kwenye kiti cha kemo sifa hiyo inaweza kukugharimu ngozi ya kifua au ya mkono. Kuungua, kuvimba, ubaridi unaotambaa chini ya ngozi, au hisia ya maji mahali pasipostahili, yote ni ya kusema papo hapo, iwe ni poti au kanula. Dawa iliyovuja kijiko kimoja inatibika kwa urahisi kuliko iliyovuja nusu chupa.

Vivyo hivyo kwa mzio. Paklitakseli inajulikana kwa hili: dakika za mwanzo za dozi ya kwanza au ya pili uso unawaka, kifua kinabana, mgongo unauma ghafla, mwili unawasha. Ndiyo sababu unachomwa dawa za kuzuia kabla, na nesi hakai mbali. Mwambie kwa neno moja tu. Wengi huendelea na dawa ile ile baada ya kutulizwa, kwa mwendo wa polepole.

Kichefuchefu kinakuja lini, na nifanye nini?

Si kila kemo hutapisha. Zinazotapisha sana, kama sisplatini, zina mawimbi mawili: la kwanza ndani ya saa 24, la pili kuanzia siku ya pili hadi ya tano. Wimbi la pili ndilo linalowakuta watu nyumbani bila kujiandaa. Kosa ninalolisikia mara kwa mara ni mtu kutunza vidonge vya kuzuia kutapika "mpaka hali iwe mbaya". Vimeze kwa saa ulizopangiwa hata kama unajisikia mzima. Ukishaanza kutapika, kidonge chenyewe hakikai tumboni.

Vidonge hivyo navyo vina vituko vyao. Ondansetroni hufunga choo na huweza kuuma kichwa. Deksamethasoni inakunyima usingizi, kwa hiyo imeze asubuhi, si jioni. Inaleta njaa, kwikwi na wekundu usoni, na kwa mwenye kisukari inapandisha sukari sana, basi lazima daktari ajue mapema. Siku inapokatishwa, wengi huanguka: siku ya nne au ya tano unakosa nguvu hata ya kukunja shuka, na roho inakuwa nzito bila sababu. Hupita. Mama mdogo alikuja kuiita Alhamisi yake mbaya, kwa kuwa dozi zilikuwa Jumatatu.

Kula kidogo kidogo. Uji mwepesi, ndizi iliyoiva, viazi vya kuchemsha, mkate mkavu asubuhi kabla ya kunyanyuka kitandani. Chai ya tangawizi huwafaa baadhi ya watu. Harufu ya mafuta ya kukaangia ndiyo adui, kwa hiyo anayekaanga dagaa akaange nje. Usile chakula unachokipenda kuliko vyote siku ya dripu. Ukikitapika mara moja, utakichukia mwaka mzima. Umetapika kila kitu kwa siku nzima, hata maji? Rudi hospitali.

Nimepata homa. Ni malaria?

Hapa naomba usome polepole.

Sisi tumelelewa na malaria. Mwili ukichemka, kichwa kikigonga, mtu anajua la kufanya kabla hajapima: dukani, dawa mseto, parasetamoli, blanketi, kesho asubuhi tutaona. Mama mdogo homa ilimjia siku ya tisa baada ya dozi ya kwanza, saa mbili usiku. Jirani, mama mwenye huruma kupita kiasi, alileta dawa mseto iliyobaki kwa mwanawe, na parasetamoli mbili. Saa moja baadaye homa ilikuwa imeshuka na sote tukashusha pumzi. Alfajiri alikuwa anatetemeka hadi kitanda kinalia.

Kilichotokea ni hiki. Kemo hupiga chembe zinazozaliana haraka. Saratani imo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu umo pia. Chembe nyeupe, hao askari wa mwili, hushuka na kufikia chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 kwa dawa nyingi, halafu hupanda tena kabla ya dozi inayofuata. Katika siku hizo za chini, bakteria wa mdomoni, wa tumboni au wa kwenye ngozi iliyochomwa anaweza kuingia kwenye damu asikute mtu wa kumzuia. Hakuna usaha, kwa sababu usaha wenyewe hutengenezwa na chembe nyeupe. Kikohozi kinaweza kisiwepo. Dalili inayobaki ni joto peke yake, na parasetamoli inakunyang'anya hata hiyo.

Kwa hiyo mwenye kemo anatakiwa awe na kipimajoto chake nyumbani, cha kidijitali, kile cha famasi. Kati ya vitu vyote tulivyonunua kwa ajili ya ugonjwa ule, hicho kilikuwa cha bei ndogo na ndicho kilichofanya kazi kubwa. Pima mdomoni, au kwapani ukijua kwamba kwapa husoma chini kidogo. Kamwe usipime njia ya haja kubwa. Joto likifika nyuzi 38 au kupita, au ukitetemeka kwa baridi hata kama namba haijafika, usilale. Nenda hospitali usiku huo huo.

Ukifika, usianze na historia ndefu. Sema hivi mapokezini: "Niko kwenye kemo, dozi ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, nina homa." Onyesha kadi. Ukinyamaza utakaa kwenye foleni pamoja na wenye mafua, na zahanati isiyojua habari za kemo itakupima malaria ikupe dawa ikuage. Kinachotakiwa ni kipimo kikubwa cha damu, damu ya kuotesha vijidudu ikichukuliwa kwenye poti na mkononi, na antibayotiki ya mshipani mapema, lengo likiwa ndani ya saa moja. Malaria nayo ipimwe, maana haijaacha kuwepo kwa sababu una saratani. Ikionekana, itibiwe. Lakini kipimo cha malaria kikisoma ndiyo, hakifuti hatari ile nyingine, na antibayotiki isicheleweshwe kwa ajili yake.

Kuna homa moja inayoisema poti yenyewe. Poti inasafishwa, na baada ya dakika chache hadi saa moja mtu anatetemeka na kuchemka. Huenda vijidudu vimejificha ndani ya mrija, na maji ya kusafishia yamevisukuma kwenye damu. Mwambie daktari uhusiano huo wa saa, kwa sababu ndio utakaomwonyesha pa kutafuta.

Na katika siku hizo za chini, kataa kuchomwa sindano ya tako kwenye duka au zahanati. Kama chembe sahani zimeshuka, damu inaweza kuvilia ndani ya msuli, na tundu la sindano ni mlango mwingine wa vijidudu. Zile bomba za kusukuma choo na dawa za kupachika nyuma nazo ziache.

Mama mdogo alilazwa siku sita.

Mkojo umekuwa mwekundu!

Kama umepewa doksorubisini, ni rangi ya dawa, na huisha siku moja au mbili. Waliokulia Kanda ya Ziwa hufikiri kichocho na hawakosei kufikiri hivyo, ila wahesabu siku. Ukiendelea siku ya tatu, au kuna mabonge, au unauma ukikojoa, hiyo ni damu au maambukizi. Kwa saa 48 baada ya dripu, mkojo, kinyesi na matapishi hubeba mabaki ya dawa. Funika choo na umwage maji mara mbili. Kama ni choo cha shimo, mwaga maji ya kutosha kuzunguka tundu. Anayekufulia avae glavu, hata mfuko wa nailoni, na mjamzito asiifanye kazi hiyo. Kondomu nayo itumike siku hizo, na mimba izuiwe muda wote wa tiba.

Mdomo, vidole, nywele?

Vidonda vya mdomo huanza kama siku ya tano hadi ya kumi. Mswaki laini, na kusukutua mara nne au tano kwa siku kwa glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Zile dawa za kusukutua zenye spiriti zinaunguza tu. Pilipili na ndimu vipumzike. Kwa baadhi ya dawa, kunyonya barafu wakati dripu inaingia hupunguza vidonda. Lakini mwenye oksaliplatini asiiguse barafu: dawa hiyo hufanya ubaridi uchome kama umeme, mtu akishika chupa ya friji vidole vinakufa ganzi, akinywa maji baridi koo linajifunga. Kwake, hata maji ya mtungi yapashwe kidogo.

Ganzi na sindano-sindano kwenye nyayo na vidole, hasa kwa paklitakseli na vinkristini, zisemwe kila kliniki. Ukishindwa kufunga kifungo cha shati au kandambili ikitoka mguuni hujui, daktari anahitaji kujua kabla ya dozi inayofuata, maana huenda akaipunguza. Ganzi ikikomaa inaweza isiondoke.

Nywele, kwa dawa zinazozing'oa, hudondoka wiki ya pili au ya tatu, mara nyingi kwa mafungu, bafuni. Wengi hunyoa mapema wakaepuka kuziokota kwenye mto wa kulalia. Zitarudi.

Naambiwa mwarobaini na mlonge vinasafisha sumu ya kemo. Nitumie?

Anayekuletea anakupenda, na kumkatalia ni kazi. Lakini ini linalochuja ile chupa ya mitishamba ndilo linalochuja kemo, na dawa za mimea zinaweza kuongeza au kupunguza nguvu ya dawa mwilini bila mtu yeyote kujua. Unapomficha daktari, akiona vipimo vya ini vimepanda atadhani ni kemo na ataipunguza dozi iliyokuwa inakusaidia. Nenda na chupa yenyewe kliniki. Balungi nalo uliza, linagombana na dawa kadhaa.

Chakula ambacho hakina ugomvi ni kile kilichoiva vizuri na kuliwa kikiwa moto. Kachumbari ya mtaani, juisi ya miwa ya kwenye mashine, maziwa mabichi na mishikaki yenye damu vingoje mpaka tiba iishe. Matunda yenye ganda unalomenya mwenyewe, kama ndizi, embe na chungwa, hayana tatizo. Na Ramadhani ikikukuta kwenye dozi, ongea na daktari na shekhe wako wote wawili; mgonjwa ana ruhusa yake.

Nikirudi mkoani, poti itasafishwa na nani?

Swali hili liulizwe kabla ya kuwekewa, si baada. Poti ikikaa bila kutumika inatakiwa isafishwe kwa maji ya chumvi, na hospitali nyingi huongeza heparini, kila baada ya wiki nne hivi. Nyingine zimerefusha hadi miezi mitatu. Bila hivyo mrija unaweza kuziba. Muulize daktari wako ratiba yake, na hospitali gani karibu na kwenu ina sindano ile iliyopinda. Anayetibiwa hospitali kama Ocean Road, Bugando au KCMC akirudi wilayani anaweza asiipate, na ni afadhali aombe apewe mbili tatu asafiri nazo zikiwa kwenye pakiti zake.

Mhudumu asiyeijua poti asiiguse. Sindano ya kawaida inamega mpira, na baada ya hapo poti itakuwa inavuja. Bomba dogo la sindano nalo halifai, linasukuma kwa shinikizo kubwa kiasi cha kuupasua mrija. Hutumika la mililita 10 au zaidi. Haya yote yaandikwe kwenye kadi ya poti unayopewa siku ya kuwekewa, pamoja na aina yake, maana siku ya kupimwa kwa mashine ya MRI wataiulizia.

Kadi ya mama mdogo inakaa kwenye kibeti, nyuma ya ile ya bima. Tarehe za kusafisha ameziandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na chini kabisa namba ya simu ya wodi, ile ambayo mara ya kwanza aliona haya kuipiga. Sasa anaipiga hata kwa kuuliza kama anaweza kula dagaa.